Risala ya Wachimbaji Wadogo wa Tanzanite, Mirerani, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali, wamiliki wa migodi, mameneja, wachimbaji wenzetu tunaoitwa wanaApolo, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga mafunzo yetu ya usalama migodini. Sisi ni wachimbaji wa Kitalu B na Kitalu D, na leo tumechagua kukueleza jambo moja: hewa.

Tanzanite yetu imo kwenye miamba yenye kinywe, yaani grafiti, kwa hiyo vumbi jeusi tunaishi nalo. Baruti ikishalipuka, moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anaanguka. Na anayeshuka kumwokoa anaanguka naye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, feni zinanguruma vizuri juu, lakini hewa kidogo ndiyo inayofika kwa mchimbaji. Bomba la mpira linaloshusha hewa kutoka kwenye feni limepasuka, viungo vimefungwa kwa kamba, na mwisho wake umeachwa mbali nyuma kwa sababu uchimbaji umesonga na hakuna aliyelirefusha. Kubwa kuliko yote ni mitobozano, yaani migodi jirani kutobokeana chini kwa chini. Mgodi ukishatoboa kwa jirani, hewa yako inakimbilia kwake, na moshi wa baruti yake unawafikia vijana wako ambao hawakujua kwamba amelipua. Kesi za mitobozano hufika ofisini kwa habari ya mawe na mipaka. Habari ya pumzi haimo kwenye jalada.

Hatuombi feni kubwa. Katika mgodi uleule, ukitaka hewa iongezeke mara mbili, feni inahitaji umeme takriban mara nane. Gharama hiyo itamshinda mwenye mgodi, na ukiongeza msukumo kwenye njia inayovuja, kuvuja nako kunazidi. Kuziba ni nafuu: ukuta wa mawe na saruji kwenye mtobozano usiotumika, na milango miwili pale watu wanapopita, mmoja usifunguliwe kabla mwingine haujafungwa.

Tunaomba wataalamu wa madini watupimie ramani moja ya chini inayoonyesha kila mtobozano. Maji ya mafuriko nayo hupita humohumo, na mwaka 1998 na 2008 yalituulia wenzetu wengi. Tunaomba pia vipimo vya gesi na vya kasi ya hewa vya kuazimana. Na majirani walazimike kupeana taarifa kabla ya kulipua, hata wale wenye kesi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.