Ndege wa Mida nimewakuta Omani

Shoga yangu,

Salaam nyingi sana, na watoto wote. Najua umekasirika, nimeondoka nimerudi na hata simu sikukupigia, lakini haya nilitaka nikueleze kwa kirefu na si kwa voisi ya dakika 2 huku mtu anapika, bas kaa na chai yako usome.

Nianze na Mida, ile hori ya kule Watamu, manake bila Mida Omani haina maana. Wakumbuka nilikwambia mwaka jana nilienda kuangalia ndege nikarudi bila kitu? Nilienda bila kuuliza maji. Nikashuka kwa matatu ya Malindi pale Mida saa nne asubuhi, siku ya bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari imetoka yote hori imebaki matope matupu, na ndege wako mbali kule katikati kama punje za pilipili manga zilizomwagika. Nilikaa juani saa nzima nikarudi Mombasa nimenuna. Na mimi nimezaliwa Kibokoni, bahari iko mlangoni!

Safari hii nilihesabu mwezi. Katikati ya Ramadhani, mwezi mpevu, na wajua bamvua ya huku kwetu kupwa inakuwa saa nne saa tano asubuhi, halafu maji yanaanza kurudi na alasiri yamejaa kabisa, tofauti karibu mita 4 kutoka chini mpaka juu. Kwa hivyo nikatoka nyumbani saa tano, nimefunga, saa saba na kitu niko Mida, nikalipa kiingilio nikapita lile daraja la mbao na kamba linalokatisha juu ya mikoko mpaka kile kibanda cha mwisho. (Hizo pesa za kiingilio zinasaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hivyo ukija usianze kuomba kupunguziwa, nakujua.)

Siri yake ndio hiyo shoga, wewe huwafuati ndege, maji ndiyo yanakuletea. Kila maji yanapopanda yale matope yanapungua na ndege wanasogea, wanasogea, mpaka wamejazana mbele yako na huhitaji hata darubini. Kulikuwa na sululu na ile midomo yao imepinda kama mundu, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wa kila saizi wanakimbia kama wana deni, na yule mmoja ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa, anakimbia ameinama kama mtu aliyeangusha sarafu. Kijana anayetembeza wageni alinionyesha vitwitwi fulani ambao vifua vyao vilikuwa vimeanza kuingia wekundu, akaniambia hao wanazaa Siberia, juu kabisa karibu na Ncha ya Kaskazini, na mwezi wa tatu ndio wanabadilisha nguo. Wanakula usiku na mchana kufuata maji, wanajaza mafuta mwilini, manake hayo mafuta ndiyo petroli yao. Niliwaangalia kwa macho mengine kabisa. Mimi nimefunga na wao wanakula kwa ajili ya safari.

Lakini niliyemwendea ni krabu-plova. Huyu wengi wetu tunampita tu. Ni mkubwa, mweupe, mgongo una weusi, miguu mirefu ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo mnene mweusi kama kisu cha kuchinjia. Anatembea polepole, anasimama kama amesahau kitu, halafu mbio tatu nne na kaa yuko mdomoni. Walikuwa mamia. Na kilichonishika moyo ni watoto wao, wana mgongo wa kijivu, wakubwa karibu sawa na mama zao, na bado wanawafuata wakilia wapewe chakula, na wanapewa! Ndege wengi wa pwani wakishajua kuruka kila mtu na lwake. Huyu anamlea mwanawe mpaka ng'ambo.

Nikauliza, sasa hawa wanazaa wapi? Kijana akasema Uarabuni, Ghuba, visiwa vya huko Omani na Iran, na Somalia pia. Wallahi nilinyamaza. Manake tikiti ya Maskati nilikuwa nishakata, naenda kwa khalati baada ya Idi.

Bas nikafika Maskati mwisho wa mwezi wa tatu. Huko ndio wakati mzuri, baridi imekwisha na lile joto la kuua halijaingia, asubuhi unatembea bila tabu. Khalati hajabadilika, Kiswahili chake ni kile kile cha Mji wa Kale na jirani zake nusu wanakijua, kahawa chungu na tende na halwa kila ukikaa. Asubuhi ya kwanza nilikwenda Qurm, kuna mikoko katikati ya mji, barabara kubwa huku na huku na nyumba za fahari. Nikaona yangeyange, nikaona keremkerem wa kijani juu ya waya. Na kunguru, shoga. Wale wale wetu wenye shingo ya kijivu, wanaopora mayai ya kila ndege hapa Mombasa, nao wako Maskati wamejaa wanapiga kelele juu ya majaa. Hao sikuwasalimia.

Siku ya nne mtoto wa khalati akanipeleka Shannah. Ni mbali, tulitoka alfajiri tukafika baada ya adhuhuri, jangwa tupu njia nzima, na mimi nilianza kufikiri huyu kijana amepotea. Shannah ndipo watu wanapopanda feri kwenda kisiwa cha Masirah, na upande huo ndio Barr Al Hikman, bara lenyewe ni tambarare la chumvi na bahari yake ni matope na maji ya kifundoni mpaka macho yanapochoka. Watafiti waliohesabu wakati wa baridi walipata ndege zaidi ya nusu milioni. Nusu milioni, na hakuna hata mti wa kukaa chini yake.

Tulisimama kando ya gati, maji yanaingia, na mimi sasa hayo nayajua, nikamwambia tulia usubiri. Heroe walikuwa mstari wa waridi kwa mbali. Sululu tele. Halafu wakaja wao, wamejipanga mchangani kama watu kwenye foleni ya benki, weupe na mgongo mweusi, mdomo ule ule. Nililia, nakwambia kweli. Kijana wa watu akanipa tishu na hakuuliza kitu, mashaallah ana adabu.

Kulikuwa na mvuvi anatengeneza nyavu, mzee, binamu akamuuliza kwa Kiarabu. Akasema hawa wakifika mwezi wa nne wa tano wanakwenda visiwani, wanachimba mashimo kwenye mchanga, marefu, na ndani wanataga yai moja tu jeupe. Na ni kweli, hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi anayefanya hivyo, joto la mchanga lenyewe linasaidia kuatamia, kwa hivyo kwenye lile jua linaloua watu yeye yai lake liko salama chini. Mzee akasema zamani watu walikuwa wakienda kuyaokota wakala. Akasema hivyo bila kuficha, kisha akaendelea na nyavu zake.

Sasa shoga nilichotaka kukwambia ni hiki. Babu yangu, wajua, alikuwa baharia wa majahazi. Yale majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, na tende na papa mkavu, yanafunga pale Bandari ya Kale, halafu upepo wa kusi ukianza mwezi wa nne yanarudi Omani na Ghuba na boriti za mikoko. Boriti zilipigwa marufuku kupelekwa nje 1982 na majahazi yalishakuwa machache, siku hizi ukienda bandarini unahesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa naona ile njia imekufa na babu. Kumbe haijafa. Krabu-plova bado wako kwetu kaskazi nzima na wanaondoka wakati ule ule wa majahazi, zaidi ya kilomita 3,000, kutoka mikoko ya huku mpaka mchanga wa kule, na mtoto nyuma anadai chakula. Babu angewajua. Pengine aliwaona juu ya tanga na hakuona haja ya kutuambia.

Ndio maana sasa nikipita Kibarani, pale palipokuwa na jaa, naangalia chini ya barabara kama maji yamepwa na kuna nani, na watu kwenye matatu hawanielewi. Hori zetu za mjini hapa, Tudor na Makupa, tunatupa kila kitu humo, mifuko, mafuta, maji machafu. Inaniuma. Mgeni amesafiri bahari nzima tunamwekea matope ya nailoni.

Leo madirisha yanagonga, kusi imeingia, na usiku kulinyesha. Yule kijana wa Mida amenitumia meseji kwamba wakubwa wamekwisha kuondoka karibu wote, wamebaki wachache na wale wadogo ambao mwaka wa kwanza hawana nguvu za kurudi.

Wewe njoo Novemba, wakati wamesharudi na watoto wapya. Lala kwangu, tutoke pamoja. Ila niambie tarehe mapema, nikuangalizie maji.

Ni mimi shoga yako,
wa Kibokoni