Bwindi au Unguja

Kisumu, Jumapili jioni

Wangari dadangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imekataa na joto la ziwa halitupi usingizi. Pole na zamu za usiku. Shosho anaendeleaje na mguu? Mwambie ile dawa ya kuchua nitampa Chebet, anapita Nakuru wiki hii.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wafula amenipigia leo nikitoka kanisani. Anataka jibu kufikia Ijumaa kama atulipie vibali vya kuwaona gorila kule msitu wa Bwindi, Uganda, maana kila kundi huruhusiwa wageni 8 tu kwa siku, na Agosti nafasi hujaa mapema. Nimemwambia angoje. Najua utakasirika, kwani tangu tupokee fedha za zamu yetu ya chama wimbo wako ni Bwindi. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwa simu utanikatiza kabla sijafika popote.

Wangari, nataka twende Unguja.

Siubezi msitu. Gorila wa milimani waliobaki duniani wamezidi 1,000 kidogo tu, karibu nusu yao wako Bwindi, na sisi wa Afrika Mashariki tunalipa sehemu ndogo sana ya zile dola 800 wanazotozwa wageni wa mbali. Nikifikiria mama gorila akinyonyesha hatua chache mbele yangu, moyo unanienda mbio. Lakini mkishawafikia mnapewa saa moja tu. Mnapanda milima ile, pengine nusu siku, tope mpaka magotini, mnakaa nao saa moja mkinong'ona, mnashuka. Na ukiwa na mafua hukubaliwi kabisa, kwa sababu wanaambukizwa magonjwa yetu. Wewe unayeshinda wadini hospitalini unalijua hilo kuniliko. Fikiria ufike hadi lango la msitu, kisha uanze kukohoa.

Halafu mimi nimekulia Shinyalu. Kuni za kukhu, nyanya yangu, zilitoka msitu wa Kakamega. Nawajua mbega wakiruka juu asubuhi na umande wote unakumwagikia shingoni, najua unavyosimama na mzigo kichwani huku siafu wamekwisha kukuingia ndani ya rinda. Wewe nawe umelelewa karibu na ua wa mbuga, nyani wakikuibieni mandazi dirishani. Pori tumeishi nalo. Mji wa kale je? Hata Lamu hatujaiona.

Mwezi uliopita nilikuwa nawaeleza kidato cha tatu jinsi ile kamati ya lugha ya 1930 ilivyokijenga Kiswahili sanifu juu ya Kiunguja. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, ulipofika Unguja, waliongea kama kitabuni?" Nikamwambia sijafika. Darasa lilinyamaza, nami nikaendelea kuandika ubaoni, lakini sijalala vizuri tangu siku hiyo. Miaka yote hii nawafundisha watoto wa watu lugha ya mahali ambapo sijawahi kuweka mguu.

Mji wa kale hauonekani kwa macho peke yake, lazima mtu akusimulie. Na kule hatutahitaji mkalimani. Mzee ameketi barazani, tunamwamkia shikamoo, tunamuuliza nyumba hii ilikuwa ya nani, anatujibu mwenyewe. Lile kanisa la Anglikana limejengwa palepale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873, na kando yake kuna vyumba vya mawe vya chini ya ardhi ambavyo wageni huonyeshwa. Watu walitembezwa kutoka pande za Ziwa Nyasa mpaka pwani, kisha wakavushwa bahari mpaka pale. Nataka nisimame mle ndani. Sijui nitalia au vipi, lakini nataka nisimame mle.

Jambo jingine ambalo nimelizungusha kichwani wiki nzima: gorila wanaongezeka. Mwaka 2018 walitolewa katika daraja la wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Nyumba ndizo zinazoanguka! Beit el-Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash la 1883 kule Unguja, upande mmoja uliporomoka 2020. Sasa nani anaweza kutungoja, gorila au jengo la chokaa na mawe ya matumbawe? Na Uganda tunaingia kwa kitambulisho, Busia iko hapa mlangoni kwangu. Ingawa Bwindi yenyewe iko kusini magharibi kabisa, ukitoka Kampala ni siku nyingine nzima barabarani.

Linalonisumbua ni moja. Uliniambia umechoka na watu, kwamba unatamani mahali ambapo hakuna anayekuita jina. Neno hilo silisahau. Nisingependa kukutoa wadini nikakubana kwenye vichochoro vilivyojaa watalii. Lakini Unguja ina msitu wa Jozani, na humo kuna kima punju, ambao porini hawapatikani popote duniani ila Zanzibar. Na asubuhi nitakuachia ufuo wote, ulale, usiniambie lolote mpaka adhuhuri. Mimi nitakuwa mjini na daftari langu.

Roho yangu ingependa tushuke hata mpaka Kilwa Kisiwani, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331, lakini hilo nimeliacha, siku hazitoshi. Na ile habari ya Otieno na shamba... basi, tutaongea.

Nauli nimeshaulizia. Basi la Nairobi mpaka Dar kupitia Namanga, halafu boti kama saa mbili hivi. Pasipoti yangu ninayo.

Yako je, umeshaenda kupigwa picha na alama za vidole? Kadi ya homa ya manjano unayo bado? Usichanjwe tena, siku hizi moja inatosha maisha. Likizo wamekupa Agosti kweli au ni ahadi tu? Mama Purity akisikia tumeacha Uganda atadai fungu lake la chama? Na uniambie ukweli bila kunionea haya: ni gorila unaowataka, au ni ukimya? Kama ni gorila wenyewe, nitamwambia Wafula alipe, nami nitakuja na buti zangu. Kama ni ukimya, je, Jozani na bahari vitakutosha?

Nijibu kabla ya Alhamisi jioni, tafadhali.

Akupendaye,
Muhonja