Wakenya wetu tuwapongeze wakiwa hai na wakisikia

Kwa Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotutolea gazeti hili. Nimelisoma miaka mingi na leo nina ombi moja tu, mtupe nafasi ya kudumu, hata kama ni safu moja kwa wiki, ya kuandika habari za Wakenya waliofanya makubwa, walioko nyumbani na walioko ng'ambo, na iwe ya watu wa kila aina, si wanariadha na waheshimiwa peke yao. Naomba mnivumilie nieleze mbona, manake hili jambo linanikaa rohoni.

Jumamosi ile ya Julai 5, 2025 wengi wetu tulikesha usiku mkubwa tukifuatilia mbio za Eugene kule Marekani. Beatrice Chebet akakimbia mita 5,000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14, na kabla hata hatujamaliza kupigiana simu Faith Kipyegon naye akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500, 3:48.68. Rekodi mbili za dunia, siku moja, uwanja mmoja, mabinti wawili wa kwetu, na Faith ni mama wa mtoto. Jamani! Simu zikajaa klipu na bendera, hakuna cha kabila hakuna cha chama, kila mtu ni Mkenya tu. Halafu wiki haijaisha habari kubwa ikawa tena ni mwanasiasa gani kamtusi nani kwenye mazishi.

Sisemi wanariadha hawapongezwi. Wanapongezwa, wanapokewa uwanja wa ndege wa JKIA kwa nyimbo na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, na serikali siku hizi inatoa pesa, waliorudi na dhahabu kutoka Olimpiki ya Paris 2024 walipewa shilingi milioni 3 kila mmoja. Hiyo ni haki yao kabisa. Ninacholia ni kwamba pongezi zetu hazidumu, na mara nyingi zinafika wakati mwenyewe hazimfai tena.

Chukua Henry Rono. Waulize vijana kumi barabarani kama wanamjua, utachoka. Huyu mtu wa Nandi mwaka wa 1978 alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81, mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000, nne tofauti, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule jimbo la Washington. Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja, si kwa kosa lake, 1976 Kenya ilisusia michezo ya Montreal kupinga New Zealand kwenda kucheza raga Afrika Kusini ya makaburu, na 1980 tukasusia tena Moscow kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Yaani nchi ilimwomba mtu atoe nafasi yake ya dhahabu mara mbili na akaitoa. Baadaye akaishi Marekani miaka mingi, akafanya kazi za kawaida, hata kubeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege, akarudi nyumbani akiwa mzee na Februari 15, 2024 akatuacha. Siku alipokufa ndio mitandao ikajaa sifa zake. Zilikuwa sifa za kweli, lakini zilichelewa zaidi ya miaka arobaini.

Na hiyo wiki yenyewe tulikuwa bado tunamlilia Kelvin Kiptum, aliyefariki ajalini Februari 11 karibu na Kaptagat akiwa na miaka 24 tu. Oktoba 2023 alikuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa 2:00:35, na hadi siku hiyo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia hivyo kwenye marathoni inayotambuliwa kwa rekodi. Alipofariki serikali ikaamuru familia ijengewe nyumba na ikajengwa kwa wiki moja kabla ya mazishi kule Naiberi. Nawashukuru mafundi waliofanya kazi usiku na mchana, nasema kutoka moyoni. Ila bado najiuliza, kama wiki moja inatosha kujenga nyumba, mbona zile wiki zote kati ya Oktoba na Februari hazikutosha, akaingia mlangoni mwenyewe na watoto wake?

Sasa tutoke kwa riadha kidogo, huko ndiko tunakosahau zaidi.

Kulikuwa na mzee akiitwa Kamoya Kimeu, Mkamba. Mwaka wa 1984 akiwa Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, aliona chini kipande kidogo cha mfupa wa fuvu, rangi yake karibu sawa na ya mawe yaliyokizunguka, mtu mwingine angekikanyaga akapita. Yeye akajua. Walipoendelea kuchimba wakapata karibu mwili mzima wa kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita, ndiye yule Turkana Boy ambaye watoto wetu wanamsoma shuleni na wasomi wa dunia nzima wanamtaja. Kimeu hakuwa na digrii, alianza kazi na familia ya Leakey, wale watafiti wa masalia ya kale, akiwa kijana, akajifunza kwa macho na kwa mikono hadi akawa anaongoza kundi zima la watafutaji wa masalia. Mwaka wa 1985 alipewa medali ya National Geographic kule Ikulu ya Marekani, na kuna hata mnyama wa kale jamii ya nyani aliyepewa jina kwa heshima yake, Kamoyapithecus. Alifariki 2022. Mimi ninaposikia mtoto akisema historia ya binadamu imegunduliwa na wazungu huwa inaniuma, kwa sababu aliyeinama akaokota kile kipande ni Mkenya na jina lake lipo, ila sisi ndio hatumfundishi.

Au mwalimu Peter Tabichi, huyu ni wa huku kwetu kaunti ya Nakuru, shule ya sekondari ya mseto ya Keriko kijiji cha Pwani. Shule ya mashambani, wanafunzi wengi wanatoka familia maskini, na yeye alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia. 2019 akaitwa Dubai, akashinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit vilevile, anapigana na ukeketaji na ndoa za mapema, amejenga shule kijijini kwao wanakosoma watoto na watu wazima, 2022 akashinda tuzo ya wauguzi ya kimataifa, dola 250,000, tena Dubai. Wote wawili nafurahi nao sana. Lakini angalia vizuri, kama si watu wa Dubai kuwaita jukwaani hatungewajua, na walikuwa hapa hapa wakifanya kazi ile ile. Nzambi Matee anayetengeneza matofali ya kutandika njia kwa takataka za plastiki alipewa tuzo ya vijana ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka wa 2020. Phyllis Omido aliyesimama na watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliokuwa wakidhurika na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Profesa Wangari Maathai mwenyewe, kabla ya Nobel ya 2004, kuna Wakenya waliokuwa wakimcheka na alipigwa akitetea msitu wa Karura. Tunangoja mgeni aseme huyu ni mtu ndio na sisi tuseme ndio ni mtu.

Kuhusu Wakenya wa ng'ambo nina maneno pia. Kila mara tunahesabu pesa wanazotuma, na kweli ni nyingi, mwaka wa 2024 zilipita dola bilioni 4.9, zinazidi mbali sana zile tunazopata kwa kuuza chai nje. Lakini hizo bilioni ni watu. Ni yule dada wa familia yetu anayetunza wazee Marekani, zamu ya usiku baridi imepiga, na asubuhi kabla hajalala anatuma karo ya watoto ambao si wake. Ni manesi walioenda Uingereza. Ni vijana madereva na walinzi huko Ghuba. Huku nyumbani wanakumbukwa wakati wa harambee na matanga, simu ikilia wanajua ni shida. Ni lini umesikia kijiji kimempigia mtu wa majuu simu kumwambia tu asante, yule mtoto uliyemsomesha amemaliza chuo? Kama gazeti lingekuwa na mahali pa kuandika hivyo ningeandika kesho.

Najua kuna msomaji atasema, wewe unaongea sherehe na unga haushikiki na vijana hawana kazi. Namuelewa. Mimi pia naishi nchi hii hii. Lakini kijana asiye na kazi ndiye anayehitaji zaidi kujua kwamba Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, akaenda Beijing 2015 akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, nchi yenyewe watu wanafikiri tunajua kukimbia peke yake. Msichana anayecheza mpira pekupeku anahitaji kujua kwamba Junior Starlets ndio timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, 2024 kule Jamhuri ya Dominika, wasichana wa chini ya miaka 17! Kuwapongeza hawa hakutuzuii kudai kazi na bei nafuu, tunaweza kufanya yote kwa pamoja.

Na tusiiachie serikali peke yake. Katiba ya 2010 ilitupa Mashujaa Dei kila Oktoba 20, na ile sheria ya mashujaa ya 2014 ipo, ni vizuri. Ila siku moja kwa mwaka wakubwa wanahutubia na ndege zinapita juu, mkunga wa Wajir anaonekana saa ngapi? Gazeti la Kiswahili linafika hadi kwa kinyozi na kwenye steji ya boda, linasomwa na mtu mmoja linasikizwa na watano, kwa hivyo nyinyi mnaweza kazi hii kuliko jukwaa lolote.

Basi ombi langu ni hili. Wasomaji kutoka kaunti zote 47 na hata walioko nje watume majina, waeleze mtu amefanya nini, na nyinyi waandishi mpige simu mhakikishe ni kweli kabla ya kuchapisha, manake siku hizi kuna watu wanajinunulia tuzo na vyeti vya udaktari wa heshima na hao hatuwataki kwenye ukurasa huu. Atajwe akiwa hai. Kama ni mstaafu aliyeiletea nchi medali zamani na sasa anaumwa, semeni anaishi wapi na hali yake ikoje ili wenye uwezo wamfikie.

Mkikubali, mimi nina jina la kwanza tayari, la mwalimu mstaafu wa huku kwetu aliyefundisha hesabu maisha yake yote na wanafunzi wake sasa ni mainjinia na madaktari hapa na ng'ambo. Nitawatumia maelezo na picha mara tu mtakaponijibu, na mwandishi wenu wa Nakuru akitaka kumuona nitampeleka mwenyewe hadi nyumbani kwake.

Msomaji wenu,
Molo