Shangazi, suruali ya mgombea ilikukosea nini?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia mbele za watu kwa kuwa na wewe uliyasema mbele za watu. Kikundi kizima cha vikoba kilikusikia. Yule dada anayetaka udiwani aliposimama kujitambulisha, hata jina la kijiji chake hajalitaja, ukamnong'oneza mwenzako kwa sauti iliyofika mlangoni: "Sasa suruali hiyo, akiinama?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako.

Akafuata mgombea wa kiume. Fulana imeshindwa kufunika kitambi, miguuni kandambili. Huyo ukamuuliza kuhusu lumbesa. Swali zuri sana, wala sikutanii: viazi vinatoka Umalila gunia limejazwa, likashonewa na kipande kingine juu, na mkulima analipwa kama gunia moja. Ulimbana mpaka akatoa kitambaa kujifuta jasho. Nilijivunia kuwa mtoto wa kaka yako. Lakini yule dada hukumuuliza lumbesa. Ulimuuliza kama ameolewa.

Tulipotoka ukaniambia mambo haya hata bungeni yapo, ukanikumbusha ya Condester Sichalwe. Haya, tuyakumbuke vizuri. Wakati huo alikuwa mbunge wa Momba, jirani zetu wa Songwe, tuliokuwa nao mkoa mmoja wa Mbeya mpaka 2016. Alichaguliwa 2020. Tarehe 1 Juni 2021, Bunge la Bajeti likiendelea Dodoma, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake, akamwonyesha yeye. Blauzi ya njano, suruali nyeusi. Spika Job Ndugai akamtoa nje akavae vizuri ndipo arudi. Wabunge wanawake walipinga, wakataka aombwe radhi.

Picha yake ilizunguka kwenye simu zote, na nje ya nchi wakaandika. Sasa niambie, shangazi: mtu wa Kamsamba, kule Momba, aliyemtuma Dodoma alipata nini siku ile? Wote tunaijua rangi ya suruali. Alichokuwa amekwenda kukisema kuhusu jimbo lake sijasikia mtu hata mmoja akikiuliza, na wewe pia hukukiuliza.

Utasema wanaume nao wana masharti yao, na ni kweli. Ila yatazame. Mwanaume anatajiwa nguo: suti na tai, au Kaunda suti. Akishaivaa, kamaliza, hata kama vifungo vya koti vinalia. Mwanamke anatajiwa nguo, halafu anatajiwa na mwili wake. Suruali haikukatazwa bungeni. Iliyokatazwa ni ya kubana. Na kubana kunapimwa na nani? Futi ya fundi haina alama inayosema hapa ndipo inapoanza kubana. Mpelekee fundi wa Mwanjelwa kitambaa kimoja, awashonee wanawake wawili mshono mmoja. Mwembamba atapita mlangoni, mwenye nyonga ataambiwa amekosa adabu. Na ukoo wetu, unavyojua, hatukunyimwa nyonga. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi mpaka mtu akae amtazame mwanamke kwa makini, halafu anayetazamwa ndiye anayeambiwa hana staha.

Usiniambie pia kwamba ni mila. Wewe mwenyewe Juni na Julai, baridi ya Umalila ikikaza, unavaa suruali ya traki chini ya kitenge kwenda kuchimba viazi, na jua likipanda kitenge unakifunga kiunoni. Wanawake wote wa huko ndivyo wanavyofanya, na hakuna mwanaume aliyewahi kuacha jembe akalalamika. Kwenye tope suruali ni nguo ya kazi. Inageuka aibu pale mwanamke anaposhika kipaza sauti.

Na mchezo huu una miaka. Ulikuwa bado msichana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969 Dar es Salaam. Marufuku ilitaja sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na kwenye suruali vijana wa kiume nao walikuwemo. Lakini waliokuwa wakishushwa kwenye mabasi Kariakoo na kuzomewa walikuwa wasichana.

Akivaa gauni basi ataachwa? Ufaransa, 2012, waziri Cécile Duflot alisimama bungeni kujibu swali akiwa na gauni la maua. Wabunge wanaume wakampigia miluzi. Mmoja akajitetea baadaye kwamba walikuwa wanausifu uzuri wake. Gauni miluzi, suruali mlango.

Huku kwetu tumetoa maspika wawili wanawake, Anna Makinda wa Njombe na Tulia Ackson, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Wakati mwingine nafikiri joho la uspika liliwasaidia. Lile halina pa kubana. (Najua utacheka hapo.)

Sikuombi umpende yule dada. Nami sina hakika naye. Alipogusia barabara alizungukazunguka kama mtu asiyeijua, na hilo halikuwa kosa la suruali. Lakini hatukumbana, kwa kuwa tulikuwa tunacheka. Amesema atarudi kwenye kikundi. Kaa mbele kama kawaida yako, muulize lumbesa, muulize ushuru wa mazao unakwenda wapi, mbane kama ulivyombana yule mwenzake. Akikosa majibu mnyime kura, na mimi nitamnyima.

Msalimie mjomba. Zile mbegu za viazi nimepata mtu wa kuzileta, zitafika na gari la Jumatano.

Mwanao