Wito wa Harambee: Ada, Buti na Sakafu kwa Watoto Wetu Wanaocheza na Kuimba pamoja na Waukraine wa Winnipeg

Wapendwa wanajumuiya, wazazi, wazee wetu, na ndugu zetu mlio hapa Winnipeg, Kanada, na mlio mbali,

Kamati ya Kwaya na Vijana inawasalimu kwa jina la Bwana, na inawaalika kwa heshima katika harambee itakayofanyika Jumamosi ya pili ya Septemba, kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kiukraine ambamo jumuiya yetu ya Waswahili huabudu kila Jumapili alasiri. Tunakusudia kupata dola 14,600. Fedha hizo zitawawezesha watoto wetu 19 kuendelea na darasa la ngoma za asili za Kiukraine, zitawalipia ada watoto wengine watano waliokimbia vita Ukraine ambao wazazi wao hawajajimudu bado, na zitakuwa sehemu yetu katika kutengeneza sakafu ya ukumbi huo, ambao tumeutumia kwa miaka mitatu bila kudaiwa kodi hata mwezi mmoja.

Wengi wenu mmeuliza jambo hili lilianzaje. Lilianza kwa sababu ya baridi. Ibada yetu huisha saa kumi na moja jioni, na majira ya baridi kali wazazi walikuwa wakiwaacha watoto ndani wakati wanakwenda kuyapasha moto magari, na saa hiyo hiyo darasa la ngoma la wenyeji wetu huwa linaanza. Jioni moja mtoto wetu wa miaka tisa, ambaye familia yake ilitoka Uvira, Kongo, alijificha nyuma ya pazia la jukwaa akiwa na soksi tu, akaiga ule mchezo wa kuchuchumaa na kurusha miguu mbele ambao wavulana wa Kiukraine hujifunza kwa miezi mingi. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Mwalimu alisimamisha muziki, akaenda nyuma ya pazia, na badala ya kumfukuza alimshika mabega akamnyoosha mgongo, akamwonyesha kwamba uzito hukaa mapajani na kwamba kichwa hakiinami hata kidogo. Jumapili iliyofuata mtoto huyo alikuja na dada zake wawili. Leo tunao 19, na wadogo kabisa wana miaka mitano.

Kwa upande wa kwaya, mlango ulifunguliwa kwa njia nyingine. Wanakwaya wa kanisa hilo walikuwa wamepungukiwa sauti za kiume, nao walikuwa wametusikia tukiimba. Wanaume wanne wa kwaya yetu, wawili wa teno na wawili wa besi, walialikwa mazoezini siku ya Alhamisi. Mwalimu wa kwaya hakuwauliza wametoka nchi gani wala kama wana babu Mukraine. Aliwagongea nota kwenye piano, wakazirudia, akawaonyesha viti vyao. Wimbo wa kwanza waliujifunza kwa silabi, zilizoandikwa kwa herufi tunazozijua nyuma ya karatasi ya matangazo. Aliyezaliwa Pemba hakusumbuliwa na ile “kh” ya Kiukraine, kwa kuwa ameitamka tangu utotoni katika “kheri”. Kilichowatesa wote wanne ni irabu moja iliyo katikati ya “i” na “e”, na hadi leo wanasahihishwa. Tena walilazimika kujifunza kuimba bila kinanda wala ngoma, kwa maana katika makanisa ya mapokeo yao ibada huimbwa kwa sauti za watu peke yake, na besi akiyumba hakuna chombo cha kumfichia aibu. Mwalimu wetu wa kwaya anashuhudia kwamba tangu hapo sauti ya nne, yaani besi, imetulia hata katika nyimbo zetu za Kiswahili.

Liko swali ambalo wazee wawili walilileta mbele ya kamati, nasi tunaliheshimu, kwa hiyo tunalijibu hapa mbele ya wote. Waliuliza: kwa nini tuchangie fedha ili watoto wetu wacheze ngoma za watu wengine, wakati za kwetu wanazisahau?

Jibu letu linaanzia katika historia yao. Waukraine wa kwanza waliohamia Kanada, Ivan Pylypiv na Vasyl Eleniak, walifika mwaka 1891, na baada yao yakaja maelfu kwa maelfu ya wakulima waliopewa mashamba katika nyanda hizi za Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Hawakupokelewa kwa mikono miwili na kila mtu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu walikuja na hati za Dola la Austria, lililokuwa adui wa Kanada katika vita hivyo, serikali iliwahesabu kuwa raia wa adui. Zaidi ya watu 8,000 walifungiwa kambini nchini humu, na wengi wao walikuwa Waukraine. Leo Wakanada wenye asili ya Ukraine ni zaidi ya milioni 1.2, na katika mji huu huwezi kutembea kaskazini ya reli bila kuona kuba za makanisa yao.

Mtu aliyeeneza mafunzo ya ngoma zao katika bara hili aliitwa Vasyl Avramenko. Mwaka 1921 alikuwa katika kambi ya Kalisz, Poland, pamoja na wanajeshi wa Ukraine walioshindwa vita na kuzuiliwa huko, na humo kambini ndimo alimoanzisha shule ya ngoma. Mwaka 1925 akaja Kanada, akaenda mji kwa mji akifundisha vijana katika kumbi za jamii na za makanisa, na vikundi vingi vya leo vinahesabu ukoo wao kutoka kwake. Tunawaomba wale kati yetu waliokaa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Dadaab walifikirie jambo hili. Tunazijua kwaya zilizozaliwa chini ya maturubai, na tunao hapa wanakwaya waliojifunza sauti zao huko huko kambini. Sisi tulipohamia huku tulibeba nyimbo, lakini wengi wetu tulipopata kazi za zamu za usiku tuliziacha zipoe.

Huyu naye tunapenda watoto wamjue. Oleksander Koshetz aliongoza kwaya ya taifa la Ukraine iliyotumwa nje mwaka 1919 kuyaimbia mataifa, ili ulimwengu ujue kwamba kuna watu waitwao Waukraine. Ilizunguka Ulaya, kisha Amerika, na wakati ikiwa njiani nchi yenyewe ilianguka mikononi mwa wengine, naye hakurudi tena. Miaka yake ya mwisho alikuwa akija Winnipeg kufundisha waalimu wa kwaya, na hapa ndipo alipofia mwaka 1944. Kwaya iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1946, na ambayo baadaye ilipewa jina lake, inaimba hadi leo. Kikundi cha ngoma cha Rusalka kipo tangu 1962, na kwaya ya wanaume ya Hoosli tangu 1969. Hizi ni kwaya na ngoma za watu wa vizazi vitatu na vinne, ambao wengine wao, tuseme ukweli, hawawezi kuagiza mkate kwa Kiukraine. Kuimba peke yake hakukuiokoa lugha yote. Lakini vita kubwa ilipoanza Februari 2022, na serikali ya Kanada ilipofungua mpango wa dharura ambao kwa huo waliingia karibu watu 300,000, akina mama waliofika Winnipeg na begi moja walikuta ukumbi unaoimba nyimbo za bibi zao. Tuliwaona wakiingia. Mmoja alisimama mlangoni, koti hajavua, akaimba ubeti mzima akiwa pale pale.

Hicho ndicho tunachotaka watoto wetu wakione kwa macho yao wakiwa bado wadogo: jinsi watu wanavyotunza nyimbo zao katika nchi ya ugenini kwa miaka zaidi ya mia moja, kwa mazoezi ya kila wiki, kwa ada, kwa sindano na uzi. Hatuwapeleki huko ili waache cha kwetu. Kwa hakika tangu waanze, wao wenyewe ndio wameomba kufundishwa ngoma za mababu zao, kwa sababu mwalimu aliwauliza, “Na kwenu mnachezaje?” na hawakuwa na jibu. Mama wawili wa jumuiya wamekwisha kuanza kuwafundisha Jumamosi asubuhi, na kwenye tamasha la Mei watoto wa Kiukraine watajifunza ngoma moja kutoka kwao.

Sasa tueleze gharama. Ada ya msimu mzima, kuanzia Septemba hadi Mei, kwa watoto wote 24 ni dola 6,200, baada ya shule ya ngoma kutupunguzia. Buti na mavazi ni dola 3,900, na hapa tunaomba mtuvumilie tueleze kidogo, kwa kuwa kuna waliodhani ni anasa. Buti za ngoma hizi ni za ngozi laini, nyekundu, zenye soli nyembamba na kisigino kilichopigwa imara, kwa sababu hatua nyingi zinasikika kwanza kabla ya kuonekana. Mtoto akicheza kwa raba anateguka kifundo, na akicheza kwa soksi anateleza. Msichana anahitaji pia blauzi iliyodariziwa mikononi, sketi, aproni, kizibao, na shada la maua lenye tepe ndefu. Mvulana shati lililodariziwa, suruali pana na mkanda wa kitambaa. Mabibi wa kanisa wamejitolea kudarizi bila malipo tukiwapa vitambaa na nyuzi. Mmoja wao, ambaye miwani yake imefungwa na uzi wa kudarizia, amekwisha maliza mikono ya blauzi sita, na kila mara huigeuza blauzi ndani nje kutuonyesha kwamba upande wa nyuma ni safi kama wa mbele. Nauli ya basi kwa familia zisizo na gari ni dola 1,500.

Zinazobaki, dola 3,000, ni za sakafu. Majira ya baridi yaliyopita ubao mmoja ulivunjika katikati ya mazoezi na mguu wa kijana ukazama hadi gotini. Kwa neema ya Mungu alichubuka tu. Seremala aliyekagua alisema mbao za chini zimeoza upande wa bomba la maji, na kwamba sakafu ya kurukia lazima iwe na nafasi ya kunepa, la sivyo magoti ya watoto yataumia. Wenyeji wetu watalipa sehemu kubwa. Hawakutuomba kitu. Kamati imeona si vema kuingia ukumbini kila Jumapili tukikanyaga mbao zilizonunuliwa na wengine.

Nao wanazipata fedha zao kwa jasho. Kila Jumatano akina mama wa kanisa hukaa kwenye meza ndefu wakitengeneza pyrohy, ambazo ni kama sambusa ndogo za kuchemshwa: mmoja anasukuma unga, mwingine anakata duara kwa mdomo wa bilauri, mwingine anatia viazi na jibini, na wa mwisho anabana kingo kwa vidole viwili ili zisifumuke majini. Wanaziuza kwa dazani, na kwa dazani hizo wamejenga kumbi, wamenunua sare na wamepeleka watoto kwenye mashindano. Hiyo ni harambee, ingawa wao hawaiiti hivyo. Mama zetu watatu huenda kuwasaidia, na walisifiwa siku ya kwanza, kwani mkono uliozoea kufunga sambusa haufundishwi kubana.

Hadi tunapoandika barua hii, ahadi na fedha taslimu zilizopokelewa ni dola 4,150. Zimebaki dola 10,450. Kadi za mchango zimegawiwa kwa viongozi wa vikundi vya akina mama, akina baba na vijana, na tunaomba zirudishwe kwa mweka hazina kabla ya siku ya harambee, hata kama ni tupu, ili hesabu isipotee. Kila mchango utaandikiwa stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa ibadani Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Ndugu walio mikoa mingine ya Kanada, Marekani na Afrika Mashariki wanaweza kutuma kupitia jamaa zao walio hapa. Asiye na fedha asikae nyumbani kwa haya: tunahitaji watu wa kubeba mbao siku mbili, mwenye cherehani imara, na madereva wa Jumapili jioni.

Siku yenyewe kutakuwa na mnada wa vyakula na vitenge, pilau ya akina mama na pyrohy za wenyeji wetu. Kwaya mbili zitaimba pamoja, na watoto watafungua shughuli kwa ngoma ya kukaribisha wageni, ile ambayo mkate na chumvi huletwa mbele juu ya taulo iliyodariziwa. Tafadhali mgeni mmoja kutoka kila meza asimame kuupokea na kuumega. Vipimo vya buti vitachukuliwa siku hiyo hiyo, kati ya saa nane na saa tisa, karibu na jukwaa. Wazazi waje na watoto wakiwa wamevaa soksi nene, na wale ambao miguu yao imekua tangu Mei warudishe buti za zamani zikiwa zimepigwa rangi, kwani kuna wadogo wanaozingojea.

Kwa niaba ya Kamati ya Kwaya na Vijana,
Katibu