Ulaya wasiponunua magari mapya, mtumba wetu hautashuka bei

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo linalosemwa sana hapa Makambako, kwenye gereji na kwenye maegesho ya malori: kwamba magari yamedoda Ulaya, kwa hiyo tuvute subira, bei ya mtumba itaporomoka. Mimi nauza spea za malori, nyingi za Scania na DAF zilizotumika Uingereza, na maneno haya yanaigusa biashara yangu moja kwa moja. Wapo wateja walioahirisha kununua kichwa cha lori kwa kuyaamini. Wengine wanataka kuchukua mkopo wa SACCOS sasa hivi ili bei ikianguka wawe na pesa mkononi. Hao ndio wananitia wasiwasi zaidi.

Kwamba soko limeshuka ni kweli. Mwaka 2019, kabla ya korona, nchi za Umoja wa Ulaya zilisajili magari madogo mapya yapatayo milioni 13. Mwaka 2022 yalikuwa kama milioni 9.3 tu. Yalipanda kidogo mwaka 2023, yakafika milioni 10.5, halafu 2024 yakabaki karibu pale pale. Uingereza, ambako tunapata magari kwa sababu usukani wao uko kulia kama wetu, ilitoka milioni 2.3 mwaka 2019 ikashuka hadi milioni 1.6 mwaka 2022, na hadi 2024 ilikuwa haijarudi milioni 2.

Lakini watu wanaruka swali la msingi: kwa nini hawanunui? Mtu aliyechoka na gari huliuza. Mtu aliyeshindwa kununua jipya hulishikilia alilonalo. Kwetu sisi tunaosubiri magari yao, tofauti ya watu hao wawili ndiyo habari yote.

Mwanzoni magari yenyewe hayakuwepo. Mwaka 2021 viwanda vilikosa chipu za kompyuta, magari yakakaa nusu-nusu yakisubiri kifaa kidogo kuliko ukucha. Mwaka 2022 Urusi ilipovamia Ukraine, mafungu ya nyaya za umeme yaliyokuwa yakiunganishwa huko nayo yakaadimika. Kampuni zikaona ni heri chipu chache zilizopo ziende kwenye magari ya bei kubwa yenye faida nene. Magari madogo ya mtu wa kawaida yakaanza kufutwa moja baada ya jingine. Ford Fiesta, iliyoongoza kwa mauzo Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, iliacha kutengenezwa Julai 2023. Muuguzi wa kule aliyezoea kununua Fiesta aende wapi?

Aende benki, na benki nako kumewaka moto. Wengi wao hununua magari kwa mkopo. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1 karibu na mwisho wa 2021, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Benki Kuu ya Ulaya ilitoka chini ya sifuri ikafika asilimia 4 Septemba 2023. Riba imeshuka baadaye, lakini bei ya gari haikurudi ilikotoka, na katikati hapo mfumuko wa bei ulishakula mishahara: Oktoba 2022 nchi zinazotumia yuro zilifikia asilimia 10.6. Ongeza hofu ya ajira. Volkswagen na vyama vya wafanyakazi walikubaliana Desemba 2024 kupunguza nafasi 35,000 Ujerumani hadi kufikia 2030. Familia inayoishi kwa mshahara wa kiwandani, ikisikia hivyo, haiendi kusaini mkopo wa gari.

Halafu kuna umeme, na hapo serikali zao zimewayumbisha wananchi vibaya. Ujerumani ilikata ruzuku ya magari ya umeme Desemba 2023 kwa taarifa ya siku moja, na mwaka uliofuata mauzo ya magari hayo yakaanguka kwa asilimia 27. Uingereza ilisema magari mapya ya petroli na dizeli mwisho 2030, Waziri Mkuu Rishi Sunak akasogeza hadi 2035, serikali iliyofuata ikarudisha 2030. Mnunuzi afuate lipi? Anatengeneza gari lake la zamani, anaendelea nalo. Ndiyo maana wastani wa umri wa magari barabarani katika Umoja wa Ulaya sasa umepita miaka 12.

Mimi nauona umri huo dukani. Zamani kontena likifunguliwa, nikipata difu ya Scania, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu, nilifungua kifuniko nikakuta meno yanang'aa, mafuta bado yana rangi yake. Siku hizi nakuta meno yameliwa upande mmoja, na mafuta yana chengachenga za chuma zinazobaki kwenye vidole. Bei ya kununulia imepanda, na difu hiyo hiyo inatakiwa ipandishe mbolea mlima Kitonga.

Wenzetu wa Mafinga wanaopanda miti wataelewa haraka: ambaye hakupanda miche mwaka fulani hategemei kuvuna mbao za mwaka huo. Mamilioni ya magari ambayo hayakununuliwa mapya kati ya 2020 na 2022 hayapo, hivyo hayawezi kuja kwetu kama mtumba. Machache yaliyopo yatagombaniwa na Waingereza wenyewe, kisha na wanunuzi wa nchi nyingine za Afrika, na sisi.

Hapo ndipo naomba wabunge wa Nyanda za Juu Kusini wanisikie. Gari dogo lililotumika likifikisha miaka minane linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na likipita kumi unapanda tena. Nia ni nzuri, sitetei mikweche. Lakini magari yanayotufikia yatazidi kuwa ya umri huo kwa sababu ambazo Mtanzania hakuzisababisha. Ushuru ungeangalia hali ya gari, yaani breki, moshi na bodi, kwa ukaguzi wa kweli bandarini, badala ya kuangalia mwaka wa kutengenezwa peke yake. Lipo gari la miaka kumi na moja lililotunzwa vizuri, na lipo la miaka sita lililozama kwenye mafuriko.

Kwa wateja wangu: kama una pesa taslimu na lori lako limechoka, nunua kwa bei ya leo, ila fundi wako alikague kwanza, afungue na difu. Kama ni mkopo wa kusubiria bei ishuke, usiuchukue. Riba inaanza kuhesabiwa siku unayopokea pesa, hata kama hela imelala tu.

Muuza spea za malori,
Makambako, Njombe