Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Louisiana kuhusu mama Eulalie

Mheshimiwa Jaji Mkuu, shikamoo. Najua Kiswahili hukijui ila wanaosoma hapa wanakijua, na kesi yenyewe wataielewa haraka kuliko wewe, maana nani kati yetu hajaona ndugu wa marehemu wanakuja na kufuli mpya hata arobaini haijafika.

Nazungumzia kesi ya Macarty na Mandeville, 1848, mahakama yenu hiyohiyo. Eulalie Mandeville alikuwa chotara, mwanamke huru, si mtumwa, pale New Orleans, Marekani, kakaa kinyumba na mzungu Eugène Macarty karibu miaka 50, wamezaa, wamezeeka wote. 1845 mzee akafa. Kuja kuhesabu, kumbe mzee ana kama dola 12,000 tu na mama ana zaidi ya 150,000! Ndugu macho yakawatoka, mbio kortini, eti hela zote za ndugu yetu, huyu kaandikwa jina tu.

Sasa sheria yenu ya zamani ndo inanichosha. Kifungu cha 1468 cha sheria ya madai ya 1825 kilisema wanaoishi kihawara waziwazi hawaruhusiwi kupeana nyumba wala ardhi, na mali ya kuhamishika mwisho ni sehemu moja ya kumi ya mali yote. Haya, kwa nini hawakuoana? Kwa sababu sheria hiyohiyo ilikataza mzungu kuoana na mweusi au chotara hata kama ni huru! Yaani unamfungia mtu mlango halafu unamtoza faini kwa kulala nje. Watoto ndo usiseme, chotara aliyezaliwa nje ya ndoa kama baba ni mzungu na hajamtambua kisheria hakuruhusiwa hata kusimama kortini kuthibitisha kwamba huyu ni baba yangu.

Eulalie alishinda. Ila asije mtu akaniambia mahakama iliheshimu ile miaka 50, hapana, alishinda kwa sababu ilionekana kweli alikuwa na biashara yake, bidhaa zake na hela alizozungusha mwenyewe miaka yote hiyo, Macarty alikuwa anamshughulikia tu mambo ya benki. Angekuwa mama wa nyumbani kazi yake kupika na kulea, angebaki na ile moja ya kumi, tena kwa bahati.

Halafu kuna hili ambalo wanaompenda hulipita kimya: Eulalie naye alimiliki watumwa. Na sheria yenu iliwahesabu watumwa kama mali isiyohamishika, kundi moja na shamba na nyumba.

Ombi langu dogo. Mafaili ya zamani ya mahakama yenu yako Chuo Kikuu cha New Orleans, toeni nakala ya kesi hii muiweke ukutani kwenye jengo lenu la Royal Street, mtu anayeingia kudai mirathi aione. Na kama kuna karatasi yenye majina ya watumwa wake, yawekwe hapohapo, herufi saizi moja na jina lake.

Wako,
Mtu wa Tanga